Tetemeko hutafuta maungio

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo lilelile kwa njia tofauti: je, jengo la vipande vya zege vilivyomwagwa kiwandani linafaa kwenye nchi inayotikisika? Tumechagua barua saba. Zilizofanana tumeziunganisha, na za wanaotaka tuwapangie nondo za jengo zima kwa picha ya simu tumeziweka pembeni. Hiyo ni kazi ya mhandisi wenu aliyefika kwenye kiwanja.

Ndugu wa Meza ya Ufundi, salaam. Tunajenga bweni la ghorofa nne hapa Bukoba. Mkandarasi ameleta pendekezo la nguzo, mabimu na slabu za kiwandani, na anasema atapunguza muda karibu nusu. Wazee wa kamati wamekataa katakata. Wanakumbuka Septemba 2016, wanasema nyumba ya kuunganishwa-unganishwa itaanguka kama vibiriti vilivyopangwa. Nani ana haki? — Katibu wa kamati ya ujenzi, Bukoba

Wazee wameshika jambo la kweli ila wamelishika kwa mfano usio wake. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliangusha zaidi kuta za matofali zilizojengwa kwa udongo au kwa mchanga wenye saruji ya kudokoa, zisizo na lenta wala nondo za kona. Shule za Ihungo na Nyakato ziliumia vibaya. Hayo hayasemi lolote kuhusu vipande vya kiwandani, mazuri wala mabaya.

Ushahidi wa vipande uko kwingine, na ni mkali. Tarehe 7 Desemba 1988, huko Armenia, tetemeko la Spitak lilikuta katika mji wa Leninakan, ambao leo ni Gyumri, aina mbili za majengo ya kiwandani. Majengo ya ghorofa tisa ya nguzo na mabimu yaliporomoka zaidi ya nusu. Yale ya paneli kubwa, yaani kuta nzima za zege zilizofungwa pamoja, yalibaki wima katika mji huohuo. Vyote vilitoka kiwandani. Tofauti kubwa ilikuwa namna vilivyoungwa, pamoja na wingi wa kuta za kuzuia mtikisiko.

Mfano wa pili ni wa Emilia, kaskazini mwa Italia, Mei 2012. Mabanda ya viwanda yalijengwa kwa mabimu marefu yaliyolazwa tu juu ya vichwa vya nguzo, yakishikiliwa na uzito wake na msuguano. Siku zote yalisimama, kwa sababu uzito huvuta chini. Tarehe 20 na 29 Mei ardhi ilivuta kwa upande na wakati huohuo ikarusha juu. Bimu likirushwa kidogo, uzito hupungua, na msuguano hupungua nao. Mabimu yaliteleza yakaanguka yakiwa mazima, bila ufa. Tetemeko la tarehe 29 lilipiga saa tatu asubuhi, wafanyakazi wakiwa ndani.

Kwa hiyo mkandarasi wenu msimuulize zege lake lina nguvu kiasi gani. Zege la kiwandani mara nyingi ni bora kuliko la kwenye kiwanja, kwa kuwa maji yanapimwa na fomu ni za chuma. Mwambieni aweke mezani michoro mitatu: nguzo inavyoingia kwenye msingi, bimu linavyoshikana na nguzo, na slabu inavyoshikana na bimu. Mchoro wowote ukionyesha kipande kimekaa juu ya kingine bila chuma kinachopita katikati, rudisheni.

Kwenye msingi, njia rahisi kwa mazingira yetu ni kikombe: msingi unamwagwa na shimo, nguzo inashushwa humo. Kina cha shimo kisipungue mara moja na nusu ya upana wa nguzo. Nguzo ya milimita 400 inataka milimita 600. Acheni nafasi ya milimita 50 hadi 75 kila upande ili zege la kokoto ndogo, lisilozidi milimita 10, lipite na vaibreta iingie. Nyuso zote mbili, ya shimo na ya nguzo, ziwe na makwaruzo au mifereji. Uso laini kama kioo ndiyo njia ya nguzo kung'oka. Kabari za mbao zinazonyoosha nguzo zitolewe zege likishashika, na mashimo yake yajazwe. Zikiachwa zitaoza, na pengo litabaki pale ambapo nguzo inasukumana na msingi.

Bimu na nguzo ndipo penye ufundi. Mafundi wengi wazuri hupendelea kuacha nondo za bimu zikitokeza, zinapishana ndani ya kiungo, zinafungwa ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka, kisha kiungo kinamwagwa zege hapohapo. Kikikauka, jengo hutenda kama lililomwagwa lote kwa mkupuo mmoja. Njia nyingine, iliyotokana na utafiti wa Marekani, ni kupitisha kebo za chuma zilizovutwa katikati ya mabimu, ili jengo likiyumba lirudi wima. Jengo la Paramount la ghorofa 39 mjini San Francisco lilitumia mfumo wa aina hiyo. Kwa bweni la ghorofa nne ni kama kumchinjia kuku ng'ombe.

Kuna jambo la mwisho ambalo wazee hawakuliuliza. Bimu la mita 6, lenye upana wa milimita 300 na kimo cha milimita 500, lina uzito wa tani 2 na robo. Kreni inayoitwa ya tani 25 hunyanyua tani 25 ikiwa mzigo uko mita kama 3 kutoka katikati yake. Mkono ukinyooshwa mita 15 uwezo hushuka hadi sehemu ndogo ya hapo. Mwombeni mkandarasi jedwali la kreni, aoneshe na njia itakapopita. Barabara za milimani Bukoba zimewahi kuamua michoro kuliko wahandisi.

Habari za kazi. Mimi ni fundi nondo, tuko Mbeya. Tunasimamisha nguzo za kiwandani zenye slivu chini, zinashuka juu ya stata za msingi halafu tunapampu grauti. Nguzo ya tano stata mbili hazikuingia. Msimamizi amesema tukate moja na nyingine tuipashe moto tuikunje. Nimegoma. Nimekosea? — Fundi, Mbeya

Hujakosea, shikilia hapohapo. Uko jirani na Rukwa, ambako mwaka 1910 lilipiga tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, mojawapo ya makubwa zaidi kurekodiwa Afrika Mashariki. Huko si mahali pa kupunguza stata.

Kwa wasomaji wengine: slivu ni bomba fupi la chuma lililozikwa ndani ya mguu wa nguzo. Nondo ya juu imo tayari, nondo ya chini, yaani stata inayotokeza kwenye msingi, inaingia wakati wa kusimamisha, na grauti, uji wa saruji wa kujazia, inazifunga pamoja. Aliibuni mhandisi Alfred Yee wa Hawaii, na ilitumika kwenye hoteli ya Ala Moana mjini Honolulu. Ikijazwa sawasawa, ukivuta, nondo yenyewe hukatika kabla ya kiungo kuachia. Isipojazwa, ni bomba tupu lenye nondo mbili zisizojuana.

Stata iliyokatwa haipo tena, hata kama kwa nje nguzo inapendeza. Ya kupashwa moto nayo si ile iliyopimwa kiwandani: nondo nyingi za siku hizi hupata nguvu kwa kupozwa ghafla, na moto wa gesi hulegeza hiyo nguvu palepale kwenye uso wa msingi, ambapo tetemeko litavuta zaidi.

Pimeni stata imehama kiasi gani. Slivu husamehe milimita 5 au 6 tu. Ikiwa imehama 15, mhandisi anaweza kukubali mchimbue zege kuizunguka na kuirudisha kwa mteremko wa moja kwa sita: kuhama milimita 15 kunataka urefu wa milimita 90, kwa hiyo mchimbue kama sentimita 10, mkunje baridi, kisha mjaze upya kwa grauti. Ikiwa imehama 40, hesabu hiyo inataka milimita 240, yaani mnabomoa msingi. Hapo hutobolewa shimo jipya mahali sahihi na kupandwa nondo mpya kwa gundi ya epoksi, kwa kina atakachokokotoa mhandisi. Shimo lisafishwe kwa brashi na upepo mara kadhaa. Vumbi likibaki, gundi hushika vumbi badala ya zege.

Nguzo zilizobaki msizikute na shida ileile. Stata huhama kwa sababu zinafungwa kwa waya tu, halafu vaibreta inazisukuma. Kateni bamba la chuma au plaiwudi nene, mlitoboe kwa kipimo kilekile cha slivu za kiwandani, mlivishe juu ya stata kabla ya kumwaga na mliache mpaka kesho yake. Pimeni na urefu unaotokeza. Kama slivu inataka milimita 190 na stata ina 140, umepoteza zaidi ya robo ya mshiko.

Kisha grauti. Nguzo ikae juu ya vipande vya chuma vya milimita 20, ishikwe na mirunda au mikono ya chuma pande mbili, timazi ipimwe pande zote mbili. Puliza hewa kwenye tundu la chini la kila slivu. Isipotoka tundu la juu, kuna uchafu. Ziba ukingo kwa mota kavu na usubiri igumu, la sivyo itapasuka katikati ya kazi na grauti itamwagika nje. Lowanisha zege, lakini maji yasitwame.

Maji ya kuchanganyia hupimwa kwa jagi, kwa kila mfuko, kama yalivyoandikwa na mtengenezaji. Hapa ndipo wengi huharibu. Jua likiwaka grauti inakuwa nzito, kijana anaongeza nusu lita, inateremka vizuri, na nguvu yake inashuka sana. Ikiwa nzito kabla ya dakika 30, changanya kidogo kidogo na uweke mifuko kivulini. Ikishazidi muda, mwaga. Pampu tundu la chini, moja tu, mpaka itoke juu bila mapovu. Ziba matundu kwa mpangilio yanavyotoa. Rudi baada ya dakika chache uangalie kama imeshuka.

Kuna njia ya kuwanasa wavivu. Mfuko wa kilo 25 hutoa takribani lita 12 hadi 13 za grauti. Nguzo ya milimita 400 kwa 400 yenye kitanda cha grauti cha milimita 20 chini yake hunywa lita 3.2, slivu nane za nondo za milimita 25, kila moja kama lita 0.6, hunywa lita 4.8. Jumla ni lita 8, yaani theluthi mbili za mfuko. Mkimaliza nguzo kwa robo ya mfuko, kuna slivu tupu mle ndani na hakuna jicho litakaloziona tena. Andikeni idadi ya mifuko kwa kila nguzo. Mikono ya kushikilia isitolewe mpaka vipimo vya grauti viseme.

Salaam. Dar es Salaam kuna haja gani ya kukunja ringi kwa pembe ile ya kuingia ndani? Inachelewesha kazi. — Mkandarasi mdogo, Mbagala

Tarehe 12 Agosti 2020 watu wa Dar walishuka ghorofani mbio kwa tetemeko la ukubwa wa 6.0 lililotokea baharini. Kuna haja.

Ringi iliyokunjwa nyuzi 90 hufunguka zege la nje likibanduka, kwa sababu mkia wake ulishikwa na hilo zege la nje tu. Kunja nyuzi 135, mkia uingie ndani ya nguzo, urefu wake mara 10 ya kipenyo: ringi ya milimita 8, mkia milimita 80. Ukitumia kanuni za Ulaya kwa nguzo ya 300 kwa 300 yenye nondo za 16, nafasi kati ya ringi karibu na miisho haizidi milimita 116, weka 100. Eneo hilo ni milimita 450 juu na 450 chini kwa nguzo yenye kimo wazi cha mita 2.7. Katikati unaweza kuachia zaidi. Na ringi ziendelee ndani ya kiungo cha nguzo na bimu, mahali ambapo mafundi huziruka kwa sababu mkono haupiti. Kuna anayekunja ringi vipande viwili vya umbo la U vinavyopishana ili apate nafasi. Mhandisi akikubali, ni sawa.

Jambo ndugu. Huku Bukavu tunajenga sana kwa hurdi: vibimu vya kiwandani, matofali matundu katikati, zege juu. Ni rahisi, haitaki mbao nyingi. Mwaka 2008 nyumba nyingi zilipasuka. Je, tuache? — Mjenzi, Bukavu

Msiache, ila mjue mnachonunua. Hurdi hubeba mzigo wa kwenda chini vizuri kabisa. Kwenye tetemeko, kama lile la tarehe 3 Februari 2008, sakafu inaongezewa kazi ya pili: kuwa kama sinia moja gumu linaloshika kuta zote na kuzipeleka upande mmoja kwa pamoja. Matofali matundu hayawezi kazi hiyo, na vibimu vikiwa peke yake haviwezi pia. Inafanywa na zege la juu, ambalo ndilo watu hubania.

Unene wa zege hilo juu ya tofali usipungue milimita 50. Upimwe mahali palipo pembamba, si panapopendeza. Wavu wa nondo uwe katikati yake, umeinuliwa kwa biskuti za zege, usilale juu ya tofali. Jihadharini na wavu wa nyaya nyembamba zilizovutwa baridi: unakatika bila kujinyoosha. Huko Christchurch, New Zealand, mwaka 2011 nyavu za aina hiyo zilikatika kwenye sakafu za kiwandani, na zege la juu likapasuka kufuata mistari ya maungio. Ni afadhali nondo za milimita 8 za kawaida kila milimita 200, njia zote mbili.

Kisha ukingo. Kibimu cha hurdi kinapokaa juu ya ukuta kwa sentimita tano na kuishia hapo, kinaweza kuchomoka ukuta ukiyumba nje. Nondo zake ziingie ndani ya bimu la mzunguko linalomwagwa pamoja na zege la juu, zikunjwe humo. Bimu hilo lizunguke jengo lote bila kukatika, na nondo za kona zipinde na kupishana angalau mara 50 ya kipenyo: nondo ya 12, milimita 600. Kona ambayo nondo za pande mbili zimekutana tu na kusalimiana ndiyo hufunguka kwanza.

Kwa slabu pana zenye matundu marefu, za mita 6 na zaidi, shida ni nyingine. Bimu la zege likipasuka miisho yake wakati wa mtikisiko hurefuka, kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 4 ya kimo chake kwa kila mwisho. Bimu la milimita 500 huongezeka milimita 10 hadi 20 kila upande, nguzo zinaachana, na slabu inapoteza pa kukalia. Mjini Wellington, New Zealand, Novemba 2016, sakafu za jengo la Statistics House zilidondoka kwa sababu mojawapo ikiwa hiyo. Zipeni pa kukalia pa milimita 75 baada ya makosa ya kiwandani na ya kupanga kuondolewa. Mchoro ukisema 75, fundi akapata 55, hapo hamna 75.

Ngazi za kiwandani tumezileta zikiwa nzima, ghorofa sita. Fundi anataka kuzifunga juu na chini kwa zege ili zisicheze. Nimruhusu? — Msanifu, Nairobi

Mkatalie, isipokuwa mhandisi amehesabu ngazi kama mhimili wa jengo. Ngazi iliyofungwa pande mbili huwa kama mguu wa mshazari: jengo likiyumba, yenyewe hupokea nguvu ambayo haikupangiwa. Funga juu, acha chini iteleze. Ghorofa ya kimo cha mita 3 ikiyumba kwa asilimia 2 husogea milimita 60. Panga mara mbili, yaani 120, na baada ya kuteleza kwote huko ngazi iwe bado imekalia milimita 75. Nafasi ya kuteleza iachwe wazi na ifunikwe kwa bamba jepesi. Mjini Christchurch mwaka 2011 ngazi za jengo la Forsyth Barr ziliporomoka, watu wakashushwa kwa kamba. Uchunguzi ulizungumzia nafasi za kuteleza zilizokuwa zimejazwa vitu. Mwambieni fundi wa vigae asizibe.

Meza ya Ufundi, hujambo. Nimeuziwa wazo la nyumba ya paneli za polistirini, zile nyeupe zenye wavu wa waya pande zote. Muuzaji anasema hazidhuriki na tetemeko kwa sababu ni nyepesi. Niko Nakuru. — Mama mwenye ploti, Nakuru

Hatujambo, mama. Nakuru si mbali na Subukia, palipopiga tetemeko la ukubwa wa 6.9 tarehe 6 Januari 1928 na kupasua ardhi, kwa hiyo swali lako ni la haki. Muuzaji amesema nusu ya kwanza vizuri. Nguvu ya tetemeko juu ya nyumba hufuata uzito wake. Ukuta wa mawe ya machimbo ya inchi 9 hukaribia kilo 400 kwa mita ya mraba; paneli yenye koti la mota la milimita 35 kila upande ni kama kilo 155. Nyumba inavutwa kwa chini ya nusu ya nguvu.

Nusu ya pili ndiyo yenye kazi. Polistirini haibebi kitu. Inayobeba ni ile ngozi ya milimita 35, pamoja na wavu ndani yake na vijiti vya waya vinavyotoboa katikati kuunganisha ngozi mbili. Kwa hiyo kagua haya ukiwa umesimama pale pale, kabla ya koti:

Stata za msingi, nondo za 8 kila milimita 400 hadi 500, ziko pande zote mbili za paneli na zimefungwa kwa waya kwenye wavu. Ukikuta paneli imesimamishwa juu ya jamvi bila stata, hiyo ni sanduku lililowekwa mezani.

Kila mahali paneli mbili zinapokutana kuna ukanda wa wavu wa kupishana, na kwenye kona ukanda wa umbo la L, ndani na nje. Kona za madirisha ziwe na vipande vya mshazari. Fundi bomba na fundi umeme wakiyeyusha polistirini kupitisha mabomba, wasikate wavu. Wakikata, kirudishwe kipande kingine juu.

Koti lipulizwe kwa mashine, kwa tabaka mbili. Kwa mkono inawezekana, ila mota inabaki juu ya waya bila kupenya nyuma yake, na baada ya mwezi ukigonga unasikia mlio wa debe tupu. Lowanisha kuta siku saba. Ngozi nyembamba kwenye upepo wa Nakuru hukauka haraka, na ufa utauona siku ya tatu.

Mhandisi, hapa Fort Portal wazazi wetu husimulia tetemeko la 1966. Tunapanga zahanati ya kupandishwa kuwa hospitali. Tumesoma kuhusu mipira inayowekwa chini ya jengo. Tuitafute? — Mjumbe wa bodi, Fort Portal

Mipira hiyo ni matabaka ya raba na bamba za chuma yaliyobanwa pamoja, mara nyingi yakiwa na madini ya risasi katikati ya kumeza nguvu. Ile yenye risasi ilibuniwa New Zealand na Bill Robinson, ikawekwa chini ya jengo la William Clayton mjini Wellington. Kazi yake ni kulifanya jengo liyumbe polepole: badala ya nusu sekunde kwenda na kurudi, lichukue sekunde mbili au tatu, na mapigo ya haraka ya ardhi yapite chini yake. Inataka mtaro wazi kulizunguka jengo, mara nyingi milimita 300 hadi 500, ambao mtu asiupande maua wala kuujaza kifusi, pamoja na mabomba yanayopinda pale yanapoingia. Haifai kwenye udongo laini wa mabondeni, kwa sababu udongo huo nao huyumba polepole na utalisukuma jengo kwa mwendo wake mwenyewe.

Kwa hospitali ya ghorofa moja au mbili hatungeanza huko. Kanuni ya Uganda ya majengo na matetemeko, US 319, ipo tangu 2003. Jengo fupi lenye kuta za zege za kutosha pande zote mbili, zilizopangwa kwa uwiano, litaitimiza kwa fedha kidogo. Kinachofunga hospitali mara nyingi si nguzo. Januari 1994, katika tetemeko la Northridge, California, hospitali ya Olive View ilisimama imara. Ilikuwa imejengwa upya kwa nguvu baada ya kuharibiwa mwaka 1971. Lakini mabomba ya maji yalipasuka darini, yakalowesha wodi, na wagonjwa wakahamishwa. Hospitali ya chuo kikuu cha USC, iliyokuwa juu ya mipira, iliendelea na kazi.

Kwa hiyo fedha ya mipira mngeianzishia hapa: tangi la maji la lita 10,000 ni tani 10, lisikae juu ya mnara wa mabomba yaliyochomelewa na fundi wa mageti, mitungi ya oksijeni ifungwe kwa minyororo miwili, mmoja juu na mmoja chini ya nusu ya kimo, jenereta na betri zake zipigwe bolti sakafuni, kwa kuwa betri zikianguka jenereta nzima haiwaki, kabati za dawa zifungwe ukutani na milango yake iwe na komeo. Mabomba marefu yanayopita kutoka jengo moja kwenda jingine yawe na kipande cha kupinda kwenye kila kiungo cha majengo, chenye urefu wa ziada kuliko nafasi iliyoachwa kati ya majengo hayo.